Safu ya Meno Mkononi mwa Minza

Ugali wa marehemu ulianza kupungua. Tangu amzike Masalu, Minza aliendelea kupakua sahani mbili kila mchana na kumwita mumewe kwa jina aje kula, na kijiji kizima cha Lalago kilisema mama wa watu kachanganyikiwa. Wamwache. Nyumba isiyo na mtu hata wa kugombana naye ni adhabu.

Minza alipoona sahani ya pili inapungua, badala ya kuogopa, alifurahi. Akapakua zaidi.

Mchana mmoja alijilaza juu ya pamba iliyorundikwa chumbani kusubiri mnunuzi, akasikia pamba ikibonyea ubavuni pake, taratibu, akasikia pumzi yenye harufu ya udongo uliotoka kuchimbuliwa, na kabla hajageuka, kabla hajalitaja lile jina alilolitaja kila siku, meno yakazama kwenye mkono wake wa kushoto.

Kule zahanati, nesi Klementina aliuosha mkono kwa sabuni na maji mengi, akamchoma sindano ya pepopunda.

"Nani kakuuma, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mume wangu," Minza alinong'ona.

Klementina aligeuka kuutazama mlango. "Si tulimzika, mayu?" Akashusha sauti. "Hiki kidonda sikishoni, nitafungia uchafu ndani. Mdomo wa mtu una vijidudu vingi, na mkono ukitunga usaha unaweza kuupoteza. Meza hizi antibayotiki zote, hata ukiona kimepona."

"Na yeye ataondoka?"

Nesi alikuwa anazitazama alama. Safu kamili ya meno, juu na chini. Minza naye akatazama. Masalu aling'olewa meno ya mbele na pembe la fahali tangu ujanani, akazikwa na pengo lake.

Alimeza dawa zote. Sahani ya pili akaiweka kabatini. Kidonda kikakauka, pamba haikubonyea tena, na aliyepita kumsalimia alikuwa mbuzi wa jirani. Upweke ukarudi kumkalia kifuani, na huo zahanati hawakuwa na dawa yake.

Ikafika siku akasonga tena ugali wa watu wawili. Safari hii hakulitaja jina la Masalu.

"Wewe uliyekuja," alisema kwa sauti ndogo, "njoo ule."

Akaingia chumbani, akajilaza juu ya pamba, akakunja mkono wa kulia wa gauni lake mpaka begani. Nyuma yake pamba ikabonyea, naye Minza akasogea kumpisha.