Magurudumu Manne Uani kwa Okal

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Simioni Nyangwine alitoka nje na mswaki mdomoni, akakuta nafasi tupu pale gari lake lilipolala. Alama za matairi zilishuka mteremko, zikapita kati ya migomba ya baba yake na kuingia barabarani. Simioni alipiga yowe. Chai haijachemka, wanaume wa Nyamwaga walikuwa wameshika fimbo.

Aliyewaongoza ni Mogesi, mtu mfupi mwenye macho mekundu, ambaye wakiibiwa ng'ombe yeye ndiye anayefuata nyayo. Sheria yao inajulikana na kila mtoto: nyayo zikiingia katika mji wako, uonyeshe zilipotokea. Ukishindwa, unalipa.

Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo. Alama walizozifuata zilikuwa pana na laini, kwa sababu Simioni alikuwa ameweka matairi mapana ya kujionyesha. Zikawapeleka mpaka Nyarero, zikaingia kwenye geti la Okal, fundi wa magari. Uani walikuta magurudumu manne ya Simioni, yenye rimu nyeusi zinazong'aa, yamepangwa juu ya kipande cha turubai. Gari lenyewe halikuwepo.

Sajenti Scholastica, mpelelezi kutoka Tarime, alifika saa nne. Okal alikuwa amekaa chini, shati limechanika begani, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe.

"Mfungueni huyo," alisema.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mogesi.

"Sajenti Scholastica. Upelelezi."

"Mwikoma huyo," mtu alisema nyuma. "Wametuletea mwanamke wa Kiikoma aje kutufundisha nyayo!"

Wakacheka. Hakuna aliyemfungua Okal.

"Sikiliza, afande," Mogesi alisema. "Nyayo zimeingia, hazikutoka. Jua likizama hajaonyesha zilipotokea, tunabeba mashine zake zote. Na yeye sijui kama atatembea tena."

Scholastica alichuchumaa mbele ya fundi. "Usiku ulikuwa wapi?"

"Migori, afande. Matanga ya shemeji yangu. Mimi na mke wangu. Tumevuka mpaka asubuhi hii, tukawakuta hawa wamejaa uani."

"Mwizi ana wenzake," Mogesi alidakia. "Wajaluo wanazaliwa wakijua spana."

"Na nyinyi mnazaliwa mkijua ng'ombe za watu," Okal alijibu. Fimbo moja ilimpiga mgongoni.

Scholastica alisimama. "Atakayempiga tena nitaondoka naye." Alisema bila kupaza sauti, akashika pingu kiunoni. Fimbo ikashuka. Kisha akamgeukia mzee mrefu mwenye koti zito, baba yake Simioni.

"Shikamoo, mzee Nyangwine."

"Marahaba," mzee alijibu akiangalia pembeni.

"Simioni, hilo gari ulilipata wapi?"

Simioni alivuta kifua. "Sirari. Yalikuwa matatu, yote ya bei ya mtu wa kawaida. Celica ilikuwa nzuri kwa macho lakini chini imeoza. Subaru ilikuwa inavuja oili na inakunywa mafuta kama ng'ombe mtoni. Sylvester ndiye alikuwa dalali wa ile Subaru, nilipoikataa akanitukana mbele ya watu. Huyu Okal akaniambia chukua Altezza. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ukikata kona inazungusha mkia, na vipuri viko kila duka."

"Sylvester!" mtu alipiga kelele. "Ni Sylvester! Alisema hiyo Altezza hutaifaidi!"

Vijana watatu walishaanza kuelekea getini.

"Rudini," Scholastica alisema. "Sylvester amelala mahabusu kwangu tangu jana mchana. Alivunja meno ya mtu sokoni. Simioni, gari ulilipa kwa nini?"

"Kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa mahari ya dada yangu, Ghati. Mzee aliwauza."

"Ng'ombe za dada ni za kaka kuolea," alisema Mogesi. "Huyu ameoa bati." Wengine waliguna.

Simioni aliendelea. "Halafu nikauza pikipiki yangu, jasho langu mwenyewe, nikanunua hayo magurudumu na spika kubwa. Okal akakata springi, gari ikalala chini kama paka anayewinda."

"Nilimwambia asikate," Okal alisema. "Nilimwambia, kwa barabara za huku utapasua matairi hayo. Yana mpira mwembamba kama mkanda."

"Spika nayo imeibwa?"

"Hapana. Mama aliikuta asubuhi mlangoni kwangu, imefunikwa na gunia. Mwizi aliona nzito akaitupa."

"Akaifunika," Scholastica alisema. "Na ufunguo?"

"Unalala ukutani kwa mama. Anasema hakusikia kitu. Na mimi nilikuwa nimekunywa."

Scholastica alizunguka uani polepole. Karibu na ukuta wa michongoma aliona duara nne za nyasi zilizopauka, kama mahali palipofunikwa kwa muda mrefu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Magurudumu ya zamani ya hiyo Altezza," Okal alijibu. "Yale iliyokuja nayo."

"Niliyatupa hapo," Simioni alisema. "Matairi ya kizee. Kila mtu anajua, nani atayataka?"

"Kuna mtu ameyataka."

Alienda getini. Alama pana za Simioni zilionekana wazi. Juu yake, zikizikanyaga, zilipita alama nyembamba zenye meno, zikielekea nje.

"Mogesi, njoo. Hizi ni za nini?"

"Nimeziona. Ni za gari nyingine."

"Nionyeshe hiyo gari nyingine ikiingia."

Mogesi aliinama. Alitembea mpaka barabarani akarudi, akageuza tope kwa ncha ya fimbo.

"Haikuingia," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Imetoka bila kuingia?"

Mogesi alichomoa fimbo yake kwenye tope.

"Umezoea ng'ombe," Scholastica alisema. "Ng'ombe habadili kwato. Gari inabadili." Aliwaonyesha mashimo manne kwenye udongo, kila moja la upana wa kiganja, pale jeki iliposimama. "Gari iliingia na matairi mapana, ikatoka na yale ya zamani. Nyayo zimetoka. Mfungueni fundi."

"Bado," Mogesi alisema, na sasa chuki yake ilikuwa kwake mwenyewe zaidi. "Anaweza kuwa yeye aliyebadili. Anakaa hapa mpaka tuione gari."

"Fundi wa magari anajua bei ya rimu hizi. Angeacha hizi mpya na kuchukua za kizee?" Alionyesha turubai kwa kidole. "Aliyechukua hakutaka kuuza. Alitaka gari ifike mahali penye barabara mbaya, ambako matairi haya yangepasuka. Tena hakugusa kitu kilichonunuliwa kwa pikipiki ya Simioni. Magurudumu kayapanga juu ya turubai. Spika kaifunika isilowe. Alichukua kile tu kilichonunuliwa kwa ng'ombe."

Mzee Nyangwine alianza kufunga vifungo vya koti lake, ingawa jua lilikuwa kali.

"Mzee, jana mlikuwa na mgeni?"

"Mgeni hakuna. Binti yangu tu. Alikuja analia lia, nikamwambia arudi kwa mumewe."

"Alikuwa analilia nini?"

"Mambo ya wanawake."

"Na mume wake ni nani?"

"Method, wa Morotonga, huko Serengeti," Simioni alisema. "Ana kenta ya kubebea mahindi. Lakini kazi anafanya Ghati, Method anakunywa tu. Yule dada anaendesha kama dume. Hata tairi anafungua mwen..."

Hakumaliza.

"Pandeni gari langu," Scholastica alisema. "Wewe, mzee, na Mogesi. Tunafuata nyayo."

Okal alibaki chini, amezungukwa na fimbo. "Afande," alimwita, "jua halinisubiri mimi."

Barabara ya kwenda Serengeti ilikuwa na mifereji ya maji. Mogesi alikaa dirishani akizisoma zile alama nyembamba. Mahali palipoinuka katikati, tumbo la gari lilikuwa limekwangua udongo. Hakusema neno zuri njia nzima, ila kila njia panda alinyoosha mkono, na kila mara alikuwa sahihi.

Walifika kwa Method saa nane mchana. Altezza ilikuwa ndani ya zizi. Ng'ombe wanne walisimama kuizunguka, mmoja akilamba kioo. Kwenye bampa ya mbele ilifungwa kamba, vile ng'ombe wa mahari anavyofungwa akipelekwa, na ncha yake ilikuwa kwenye nguzo ya zizi.

Ghati alikaa juu ya kifurushi chake cha nguo nje ya zizi. Jicho moja lilikuwa limevimba na kufunga. Method alikuwa mlangoni, anapiga kelele tangu walipokuwa mbali.

"Ondoeni hilo bati! Mimi nilitoa ng'ombe! Ng'ombe!"

"Mwizi!" Simioni aliruka kabla gari halijasimama. "Afande, mkamate! Dada gani wewe?"

Ghati hakuinuka. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Ni wewe uliyechukua gari?" Scholastica aliuliza.

"Ndiyo. Niliiachia ishuke mteremko bila kuiwasha. Kwa Okal hapakuwa na mtu. Nikabadili matairi kwa jeki ya gari yenyewe." Aligusa jicho lake. "Mara tatu nimeenda kwa baba nikamwambia huyu ataniua. Mara tatu baba amesema siwezi kuachika, hakuna ng'ombe za kumrudishia, zimegeuka gari. Basi nimemrudishia gari. Magurudumu ya Simioni sikuchukua. Spika yake sikuchukua."

"Okal alikuwa anapigwa kwa ajili yako," Scholastica alisema.

Kwa mara ya kwanza Ghati aliinamisha kichwa. "Sikujua. Nilidhani watayachukua magurudumu, basi."

"Na ufunguo alikupa nani?"

"Niliuona ukutani."

Scholastica alimkumbuka mama aliyesema hakusikia kitu, akaliacha swali hilo hapo. "Mzee, ng'ombe zilikuwa zako, gari ni lako. Unalalamika kuibiwa?"

"Sema ndiyo, baba!" Simioni alifoka.

"Akisema ndiyo, gari linarudi kwenu," Scholastica alisema. "Na mimi nafungua majalada mawili. La gari, na la hilo jicho. Method ataingia ndani, ndoa itavunjika, na ndugu zake watakuja Nyamwaga kudai ng'ombe. Utawapa nini, mzee?"

Mzee alitema mate chini. "Sina malalamiko."

"Basi mimi ndiye ninayo!" Method alipiga kelele. "Sipokei bati!"

Hapo Mogesi alicheka, kicheko kibaya. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, fimbo yake ikigusa alama nyembamba za matairi.

"Method," alisema, "nyayo zimeingia kwako. Nionyeshe zilipotokea."

"Nini?"

"Sheria unaijua. Zikiingia zisipotoka, una mali ya watu. Wenye mali wako Nyarero, wana fimbo, wana hasira tangu alfajiri. Niwaite waje wadai? Au gari ni ng'ombe zako zilizorudi? Chagua moja."

Method aliangalia gari, akaangalia barabara.

"Nimepokea," alisema.

"Sema vizuri. Umepokea nini?"

"Mahari yangu. Imerudi. Aende huko, mwanamke mwenyewe kichwa ngumu!"

Ghati alibeba kifurushi chake akaingia kwenye gari la polisi, kiti cha mbele.

"Kituoni utatoa maelezo," Scholastica alimwambia. "Yote. Na ya jicho pia. Huyo hajamalizana na mimi."

"Nitatoa."

Walirudi Nyarero jua likiwa juu ya migomba bado. Mogesi alimfungua Okal mwenyewe, bila kumwomba radhi, na watu wakatawanyika wakigombana nani alianza kupiga. Ghati alishuka, akasimama mbele ya fundi.

"Fundi, nisamehe."

Okal alisugua mikono palipokatwa na kamba. "Leo sikusamehi," alisema. "Njoo siku nyingine."

Simioni alikuwa ameshafika kwenye turubai. Aliinua gurudumu moja, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Okal, haya ni yangu."

"Ni yako," fundi alisema akiokota spana yake kwenye tope. "Nikufungie kwenye nini?"