Mwizi Aliyechukua Kompyuta Mbovu

Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, Mama Pacha alifungua begi lake jipya kwenye meza ya sebuleni, akaingiza mkono, akagusa mfuniko wa kompyuta, na papo hapo akajua ameibiwa.

Hakupiga kelele. Pacha wake wa miaka mitatu walikuwa jikoni wanakunywa chai, na kelele zao zilitosha. Aliitoa ile kompyuta, akaifungua, akapitisha vidole juu ya vitufe kutoka kushoto kwenda kulia. Kule kulia, mahali ambapo jana palikuwa na vitufe vya namba, vidole vyake viliangukia mezani. Kompyuta ilikuwa imeishia hapo.

"Wifi!" aliita. "Hebu njoo. Kuna mtu kaiba laptop yangu."

Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Akaangalia mezani. Akautoa mswaki.

"Ile ya jana si ilikuwa nene, nyeusi, ina ufa kwenye kioo kona hadi kona?"

"Hiyo hiyo."

"Basi mwizi wako ana wazimu, wifi. Hii ni nyembamba, ya rangi ya fedha, inang'aa, kioo kizima kabisa. Kachukua mbovu kakuachia nzuri!"

Mama Pacha alivuta kiti akakaa. Alikuwa haoni tangu utotoni, na mambo ya kushangaza alizoea kuyafikiria akiwa amekaa. Kesho yake saa tatu asubuhi, ofisi moja inayoandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa ingemtumia sauti ya majaribio. Asikilize, aandike, arudishe kabla ya saa sita. Akifaulu, atapata kazi ya kufanyia nyumbani, watoto wake wakiwa miguuni. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Masomo yote ya jioni aliyoyahudhuria na mtoto mgongoni na mwenzake mapajani yalikuwa yanaelekea kwenye asubuhi hiyo moja, na akiba yake yote ilikuwa imeingia kwenye ile kompyuta nene.

"Kwani hii huwezi kuitumia?" wifi aliuliza.

"Tujaribu."

Alichomeka flashi yenye programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Sauti hiyo nyumba nzima iliiita Bwana Msomaji. Jana, kwenye mashine nene, Bwana Msomaji alijibu kabla kidole hakijainuka. Leo Mama Pacha alianza kuandika, akasubiri. Bwana Msomaji alitamka herufi ya kwanza wakati yeye ameshafika ya tano.

"Kama mtu aliyeamshwa usingizini," wifi alisema.

Mama Pacha alikosea neno, akapeleka kidole kona ya juu kulia ili afute. Kompyuta ikazima.

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Kitufe cha kuzimia wamekiweka ubavuni mwa kitufe cha kufutia. Mwenye macho anakikwepa. Mimi kesho nitaizima katikati ya mkutano wa watu, na tena, na tena." Alifunga mfuniko taratibu. "Haya, wifi. Tuanze upelelezi."

Alianza na begi. Begi lilikuwa lake, lakini chaja iliyokuwemo haikuwa yake: ncha yake ilikuwa nyembamba, inalingana na mashine hii. Mlango wa nyumba ulikuwa mzima, madirisha pia. Kwenye zipu aligusa tone la rangi lililokauka.

"Rangi!" wifi aliruka.

"Tulia. Humu ndani hata sufuria zina rangi." Mumewe alikuwa mchora mabango. "Sasa sikiliza. Jana asubuhi tulikwenda dukani, nikachagua. Mchana nimeitumia hapa hapa, iko sawa. Saa nane nikaiweka juu ya kabati, tukaenda kusuka. Tuliporudi jioni sikuigusa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Kwa hiyo imeondoka tukiwa kwa msusi. Na aliyeiondoa kaleta nyingine pamoja na chaja yake. Huyo hakuingilia dirishani. Huyo alikwenda kubadilisha."

"Sasa nani?"

"Wewe ulitoka kwa msusi."

Mswaki uligonga meza.

"Wifi! Unanishuku mimi?"

"Nashuku kila mwenye miguu. Ulisema unakwenda kununua soda. Kichwa changu kimesukwa nusu hujarudi. Uliporudi, soda ilikuwa ya moto."

"Nilipigiwa simu."

"Na nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu mwenye sauti ya kike au ya kiume?"

"Wifi jamani..."

"Nisomee simu hiyo. Jina na muda."

Wifi alisoma kwa sauti ndogo sana. Simu ilianza saa tisa na nusu, ikaisha saa kumi na robo. Jina lililoandikwa: Fundi Bomba.

"Robo tatu ya saa na fundi bomba!" Mama Pacha aligonga paja. "Bomba gani hilo linalovuja kiasi hicho?"

"Nimemwandika hivyo ili kaka asijue!" Wifi alijificha uso kwenye mto wa kochi. Walicheka mpaka pacha wakaja kuchungulia.

"Haya, umetoka kwenye orodha yangu," Mama Pacha alisema akijifuta machozi. "Sasa muuzaji. Wakati mimi napapasa mashine zake, wewe ulikuwa unamwangalia. Alikuwaje?"

"Kusema kweli sikumwangalia. Nilikuwa naangalia samaki."

"Samaki dukani kwa kompyuta?"

"Mashine zote mezani kwake zinaonyesha samaki wanaogelea, wekundu, wa bluu, duka zima kama bwawa. Nilisahau kukuambia."

Mama Pacha aliwapakata pacha, kila mmoja goti lake. Mkubwa alikuwa amemtangulia mwenzake kwa dakika chache tu, na hakuacha kumkumbusha. Mama yao aliwabusu vichwani kama kawaida yake. Kisha akasimamisha mkono. Akaupitisha tena kwenye kichwa cha mmoja, halafu cha mwenzake. Nywele zilikuwa ndefu vile vile, na nyuzi za blanketi ndani yake.

"Wifi, jana kaka yako alisema atawapeleka watoto wapi?"

"Kinyozi."

"Na usiku tulipomuuliza?"

"Alisema wametoka kinyozi."

Mama Pacha alishusha sauti, akaifanya tamu. "Wanangu, jana Baba aliwapeleka wapi?"

"Ni siri," Mkubwa alisema.

"Siri ya biskuti," Mdogo aliongeza.

"Biskuti ngapi?"

"Mbili. Na nyingine kesho kama hatusemi."

"Basi msiseme mlikokwenda, biskuti zisipotee. Niambieni mlichokiona tu."

Mkubwa alifikiri. Hilo halikuwa kwenye makubaliano. "Samaki," alisema.

"Sokoni?"

"Siyo wa sokoni! Wa kwenye taa. Mimi nilimgusa mmoja. Hana maji."

Wifi alijishika mdomo. "Kaka yangu mwenyewe!"

Mama Pacha alichukua simu akampigia muuzaji. Akasalimia, akataja jina, asiongeze neno.

"Ah, Mama Pacha! Enhe, ile nyembamba inasemaje?"

"Nimekuambia saa ngapi kwamba ninayo nyembamba?"

"Mama, mimi sina kosa," muuzaji alisema. "Mumeo alisema ni zawadi, nisimharibie. Bei zililingana, tukabadilishana."

"Yangu bado ipo?"

"Ipo, ila leo Jumapili nafungua saa nane mchana, na kuna kijana anakuja kuiangalia saa tisa. Ile mashine ina nguvu, tatizo lake kioo tu. Akiipenda, nampa. Nimeshamwahidi, mama, siwezi kumgeuka."

Saa nane kasoro Baba Pacha aliingia akipiga mluzi, ananukia mafuta ya taa ya kusafishia brashi. Alikuta mkewe, dada yake na watoto wake wamekaa safu moja kwenye kochi.

"Mbona mmekaa kama mahakama?"

"Karibu, Baba Pacha. Kaa hapo mbele yetu," mkewe alisema. "Hivi huyo kinyozi wa jana anatumia mkasi gani? Maana ananyoa na nywele zinabaki."

"Aah, huyo... foleni ilikuwa ndefu, tukaamua..."

"Na samaki?"

Kiti kililia. "Nani kasema samaki?"

"Mimi nilisema siri ya biskuti tu!" Mdogo alijitetea.

Wifi alishindwa kujizuia, akacheka kwa sauti. Mama Pacha hakucheka. "Kwa nini?" aliuliza.

Baba Pacha alisogeza kiti karibu. Alipoanza kusema, mzaha ulikuwa umetoka sautini.

"Mlipokwenda kusuka niliifungua nikaitazama. Ule ufa, mke wangu... Mimi kazi yangu ni kupendezesha vitu. Bango la mtu likiwa na mchirizi mmoja, sipati usingizi. Nikakuona umekaa mbele ya kitu kilichopasuka, siku zote. Wageni wanaingia, wanatazama, wanasema moyoni, kwa kuwa haoni, kapewa chochote. Sikutaka upewe chochote."

Mama Pacha alinyoosha mkono, akautafuta wake, akaupata. Ulikuwa na rangi mbichi kwenye kucha.

"Sikupewa," alisema. "Nilichagua. Muuzaji aliniletea mashine nne, nikazikataa tatu mbele ya dada yako. Ya kwanza inachelewa kujibu. Ya pili vitufe vyake laini kama mkate, sijui nimebonyeza au bado. Ya tatu tundu la spika za masikioni liko kulia, waya unanizuia mkono. Ile nene ilikuwa na kila kitu. Ingekuwa na kioo kizima nisingeifikia bei. Kioo ndicho kitu pekee nisichokihitaji, Baba Pacha. Ule ufa ndio ulionipa mashine ya watu wakubwa."

"Lakini hii ni nzuri..."

"Wifi, mfunge kitambaa machoni."

Wifi alimfunga mtandio wake, akaukaza kuliko ilivyohitajika. Mama Pacha akamwekea ile nyembamba mapajani. "Andika jina lako. Ukikosea, futa. Kitufe cha kufutia kiko juu kulia."

Aliandika, akakosea, akapapasa juu kulia.

"Mbona imenyamaza?"

"Umeizima."

Aliiwasha, akaanza upya. Akaizima tena. Mara ya tatu pacha walimhesabia kwa sauti, kisha wakashangilia.

"Hiyo ndiyo kesho yangu saa tatu," mkewe alisema.

Baba Pacha alisimama ghafla. "Viatu vyangu viko wapi? Twende!"

"Vua kitambaa kwanza, mume wangu."

Walikwenda wote, haraka haraka kando ya barabara: Baba Pacha na Mkubwa mabegani, wifi na Mdogo mgongoni, Mama Pacha akiwa ameshika kiwiko cha mumewe na begi kifuani. Walipofika dukani, kijana alikuwa ameshasimama kaunta.

"Kaishika," wifi alinong'ona. "Anaigeuzageuza."

Baba Pacha alitaka kwenda mbele. Mkewe alimbana kiwiko.

"Kaka, habari," Mama Pacha alimwambia yule kijana. "Samahani, unatafuta ya kazi gani?"

"Ya kuandikia masomo, dada. Nitakuwa naibeba kila siku."

"Kila siku! Hebu ipime mkononi."

"Nzito," kijana alikubali.

"Nzito mno. Na kioo?"

"Kioo ndicho kinaniumiza kichwa. Nusu ya maneno siyaoni."

"Basi jaribu hii." Alimpa ile nyembamba.

Hapo Baba Pacha, ambaye miaka yote amekula kwa kusifia bidhaa za watu kwenye mabango, alipata nafasi yake. "Ona wembamba huo! Ona rangi! Kijana, ukiingia nayo darasani, mwalimu mwenyewe atanyamaza."

"Ila haina haraka," Mama Pacha alisema. "Lazima ulijue hilo. Mimi inanisomea kwa sauti, na inachelewa. Wewe utasoma kwa macho yako, kwa kuandikia haitakusumbua. Na angalia kitufe cha kuzimia, kimekaa vibaya."

Kijana aliifungua, akaandika mistari miwili, akaipima tena mkononi. "Nachukua hii," alisema.

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Mama Pacha, si uje tu uniuzie duka?"

Lakini Mama Pacha hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameivuta ile nene kwake, amechomeka flashi, amebonyeza kitufe kimoja. Bwana Msomaji alijibu kabla kidole hakijainuka.

Jumatatu saa tatu sauti ya majaribio ilifika. Ilikuwa mkutano wa wenye mabasi, watu wanne wakikatizana maneno. Mama Pacha aliweka spika masikioni, akainamisha kichwa, na kuanzia hapo nyumba haikusikia kingine ila vitufe vikidondoka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Saa tano na nusu alituma. Kisha akakaa amekunja mikono, hali, hanywi.

Saa saba simu iliita. Msimamizi wa ile ofisi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kikazi.

"Nimepitia kazi yako. Safi sana. Hata pale walipokatizana umejua nani kasema nini. Tungependa uanze. Nina swali moja tu. Nyumbani kwako kuna utulivu?"

Baba Pacha, ambaye hakwenda kazini siku hiyo kwa ajili ya kutunza utulivu huo, alikuwa amepiga magoti sakafuni na pacha wote wawili mgongoni. Aliwaziba midomo, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, akakosa mkono wa kujiziba wa kwake. Kicheko kilimtoka. Pacha wakaanguka. Mmoja akalia, mwingine akadai zamu yake, na wifi, aliyekuja mbio kuwanyamazisha, akapiga kigelegele badala yake.

Mama Pacha alisubiri, simu sikioni, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

"Utulivu upo, mama," alisema. "Unaanza kesho saa mbili."

Upande wa pili, msimamizi naye akacheka.

"Basi anzeni pamoja, wewe na huo utulivu."