Wistin, Kura na Mdomo Wake

Mwaka wa tisini na tano, saa sita mchana, duka la pastizzi, vile vitafunio vya jibini, pale Valletta, mji mkuu wa Malta, lilikuwa limefurika watu, na Wistin Zerafa alikuwa akibishana na muuzaji kama kawaida yake.

"Watatu!" alisema. "Mwaka sitini na tisa washindi walikuwa watatu, wote pointi sawa. Utaniambia nini mimi?"

"Wanne," sauti ikasema nyuma yake.

Wistin akageuka. Jamani, hakuna aliyekuwa akimsahihisha Wistin kwenye mambo hayo! Shindano la nyimbo la Ulaya lilikuwa ugonjwa wake. Alikuwa na daftari la kura za miaka yote, nani kampa nani ngapi. Na huyu aliyemsahihisha alikuwa msichana mwenye gauni la njano la vifungo vyeupe, makombo ya pastizzi yamemganda kidevuni.

"Hispania, Uingereza, Ufaransa na Uholanzi," msichana akahesabu kwa vidole. "Kumi na nane kila mmoja. Uholanzi kakukosea nini, kaka yangu, mpaka umfute?"

"Wewe nani?"

"Mwenye njaa. Sogea nipite."

Duka zima likacheka. Wistin naye akacheka, kisha akamfuata nje kumwomba jina. Aliitwa Marthese, karani wa posta. Kumbe naye tangu utotoni alikuwa akikaa chini mbele ya televisheni na karatasi yake, akigawa pointi: moja mpaka nane, kisha kumi, kisha kumi na mbili.

Basi ikaanza raha. Kila jioni saa moja simu ya kwao Marthese ililia.

"Nani?"

"Mgonjwa wako."

"Unaumwa wapi leo, laazizi?"

"Naumwa swali. Gauni lile la buluu la Jumapili ungejipa ngapi?"

"Kwa sheria, nchi haijipigii kura. Nipe wewe."

"Tisa."

"Muongo mkubwa! Tisa haipo!"

"Ndiyo maana. Nane ni kidogo, na kumi utaringa."

Mama yake Marthese alipita na ndoo akisikiliza, akatikisa kichwa. Wakati wake wanaume walileta maua. Huyu analeta takwimu. Wistin mpaka leo akikumbuka kicheko kile kwenye simu, anajilaumu. Miaka ishirini na kitu imepita, bado anajilaumu.

Maana kilichofuata alikifanya mwenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata, Marthese alichaguliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa Malta. Waamuzi walikuwa watu wa kawaida kumi na sita, na majina yao yalikuwa siri mpaka kura zisomwe. Alimwambia Wistin peke yake, wamekaa ngazi za kanisa, sauti yake ikitetemeka kwa furaha.

"Tangu nina miaka saba nakiota kiti hiki, Wistin. Usimwambie hata paka."

"Hata paka," Wistin akaapa.

Siku tatu alikaa nayo. Ya nne, kwenye klabu ya bendi ya Żejtun, mji wao, rafiki yake Salvu akadai kwamba utabiri wa Wistin mwaka huu ni wa kubahatisha. Wistin akapandwa na hasira. "Wa kubahatisha? Mimi mchumba wangu ni mwamuzi!"

Basi. Kesho yake asubuhi muuza samaki alimuuliza Marthese, mbele za watu, kumi na mbili zake zinakwenda wapi. Mchana ofisi ya shindano ikampigia: siri imevuja, kiti amepewa mwingine.

Wistin alikimbilia kwao na maua, kwa mara ya kwanza. Marthese alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Nisamehe, mpenzi. Ni Salvu alinichokoza."

"Salvu hakuwa na siri yangu. Ulikuwa nayo wewe."

"Kiti utakipata mwaka mwingine."

"Sililii kiti tu, Wistin. Nalilia mume. Nitalala vipi na mtu nisiyeweza kumwambia kitu?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya kiangazi kuisha Marthese alikwenda Melbourne kwa shangazi yake. Huko akaolewa, akazaa mtoto wa kiume, akafiwa na mume. Wistin hakuoa. Aliendelea kuandika kura kwenye daftari, mwaka hadi mwaka, na usiku wa fainali aliweka viti viwili, mjinga yule.

Alipoanza kuzeeka alipewa dakika kumi kwenye redio ya mtaa kila mwezi wa tano, azungumzie historia ya kura. Siku moja akasema hewani, "Miaka ya sabini Malta tulishika mkia mara moja tu, sabini na moja." Simu ya studio ikalia.

"Mara mbili," akasema mwanamke. "Sabini na moja na sabini na mbili. Huachi tu kufuta watu, kaka yangu?"

Wistin akasahau kipindi, akaanza kumuuliza yuko wapi, mpaka fundi mitambo akaweka muziki.

Wakaonana Jumapili kwenye mkahawa wa uwanja wa kanisa. Marthese alikuwa na mvi zilizokatwa fupi, suruali nyeupe, shali ya kijani. Alikuwa amerudi kumuuguza mama yake. Walizungumza mpaka kahawa ikapoa, na Jumapili nyingine, na nyingine, mpaka majira ya baridi yakapita.

Jumanne moja Marthese akamshika mkono. "Nikikuomba unioe, utakataa?"

Wistin akatikisa kichwa, kisha akaona amekosea, akakiinamisha mara nyingi. "Nitakataaje, moyo wangu!"

"Lakini mwanangu anafika Jumapili. Nataka asikie kutoka mdomoni kwangu, akiniangalia usoni. Siku tano, Wistin. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na mimi naogopa."

"Na uogope. Una haki," akajibu. Hakuapa safari hii.

Jioni aliingia klabuni. Uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Salvu, ambaye sasa alitembelea fimbo, akamkazia macho.

"We mzee, unang'aa nini? Yule mama wa Australia, eti? Kuna jipya gani huko?"

Wenzake wote wakageuka. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Wistin akaona kidevu kile chenye makombo, akaona mlango ule na macho mekundu.

"Hakuna jipya," akasema.

"Usituzingue! Wewe? Umekosa la kusema?"

"Nimekosa."

"Zerafa anaumwa," Salvu akawatangazia watu. "Mleteeni chai."

Ikaja chai. Wistin akainywa polepole, na furaha yake yote akaimeza nayo.