Kilalo Kinatoka Wapi?

Mado aliuza maharagi sokoni, Kolwezi, lakini mawazo yake hayakukaa sokoni. Asubuhi, ukungu ukifunika bonde, alikuwa anaona kilalo, daraja la kuvukia. Kilalo kipya cha saruji, juu ya mfereji unaokata njia ya masomo. Kumbe palikuwa na gogo moja tu. Juma lililopita mvua ilinyesha, binti yake Joyeuse akateleza, watu wakamvuta kwa mkanda wa mfuko wa vitabu. Tangu hapo Mado aliogopa kila wingu.

"Mado, unalala macho wazi!" alicheka Mama Fidélie, karani wa komini, serikali ya mtaa, aliyekuja kununua maharagi.

Kabla hajajibu, alifika Guelord, mtoza kodi ya soko. Mado akampa nusu ya kodi. Guelord akaitia mfukoni, hakuandika kitu, akapita. Ndiyo desturi ya soko lile: nusu, bila karatasi, na kila mtu anacheka.

Fidélie hakucheka.

"Ile feza inaenda wapi?"

"Ku komini, yaya," Mado akamjibu kama dada mkubwa.

"Kitansi iko wapi, karatasi ya kuonyesha umelipa? Hapana? Basi umelipa Guelord, haukulipa komini."

"Eh, yaya! Makamio, malori ya kubeba shaba, inapita hapa kila siku. Serikali njo ijenge kilalo!"

"Serikali inatoa. Ku malipo ya mine, ile migodi ya shaba, yenye banaita redevance, kila franga mia, kumi na tano ni ya komini ao ya chefferie, eneo la chifu, kwenye mine iko. Tena serikali inapashwa kurudishia komini sehemu ya kodi. Lakini inachelewa, na haitoshi. Kodi ya soko njo mukono yetu wenyewe. Na mbele ya kuandika bajeti, komini inaita bantu baseme haja yabo. Mulikuja?"

"Hapana. Tuliwaza ni mambo ya bakubwa."

"Mukubwa gani anavuka ule mufereji?"

Mado alimkumbuka Joyeuse kwenye gogo. Maneno yalimchoma.

Kesho yake alishika kodi nzima mkononi. "Tata Guelord, kitansi kwanza."

"Weye unatafuta shida?"

"Na mi nataka!" akaita mama wa samaki. "Na mi!" wakaita wengine. Haya, Guelord afanye nini? Aliandika mpaka kalamu ikakauka.

Siku ya mkutano wa bajeti, Mado alisimama. "Mi naomba kilalo. Mutoto wangu alianguka mule." Akaketi. Hakuwa na hotuba nyingine. Kilalo kiliandikwa kwenye bajeti.

Sehemu ya mine ilichelewa kama kawaida. Ilipofika ikaungana na kodi ya soko, na wakati wa kiangazi mafundi wakaja.

Mvua ya kwanza ilimkuta Mado kando ya mfereji, moyo juu. Maji yalinguruma. Joyeuse alifika katikati ya kilalo, akasimama na wenzake kutazama povu likipita chini.

"Joyeuse! Utachelewa!"

"Mama, acha tuangalie kidogo!"

Mado alicheka huku akilia. Leo hofu yake yote ilikuwa mtoto kuchelewa masomo.