Kidole cha Kubat

Lori lilikuwa limeshapita nyumba ya mwisho ya kijiji, na Sirga bado alikuwa anamgombeza mdogo wake. Walikaa juu kabisa ya mzigo, juu ya fito za hema na mablanketi ya sufu, jiko la bati likigongagonga miguuni pao. Baba na Bibi walikaa mbele na dereva. Kondoo walikuwa wametangulia kwenye malisho ya kiangazi mlimani na Baba mdogo Mamasali.

"Baada ya kumi na mbili inakuja nini?" Sirga aliuliza.

"Njaa," alisema Kubat.

Alipigwa kofi la kisogo.

Ugomvi wao ulikuwa na chanzo. Darasa la watoto wadogo kijijini lilikuwa limefungwa, mwalimu wake ameolewa mbali. Mwezi wa tisa Kubat angepimwa kabla ya kuingia darasa la kwanza. Sirga naye, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni mjini Naryn. Mama alishinda kazini zahanati kutwa, kwa hiyo Baba alikata maneno: "Kubat akipokelewa, wewe unakwenda Naryn. Asipopokelewa, utabaki nyumbani mwaka mzima umfundishe. Sina mtu mwingine."

Basi Sirga alimwona mdogo wake kama jiwe lililoangukia njiani.

Kule mlimani masomo yalianza kila asubuhi baada ya kukamua. Sirga alishika mwiko. Kubat alikaa juu ya gunia la unga akiimba namba. Akikosea, mwiko. Akicheka, mwiko. Haikuchukua muda akawa anaimba mpaka ishirini bila kosa, macho yakiwa kwa mbwa nje.

"Kichwa chako kimejaa sufu," Sirga alimwambia.

"Chako kimejaa mwiko."

Jioni moja wana-kondoo walikuwa wamefungwa kwenye kamba yao ndefu ya vitanzi, mama zao wakikamuliwa. Mamasali alikuja akijifuta mikono.

"Eti mwalimu, huyu mwanafunzi wako anajua nini zaidi ya kula?"

"Anajua mpaka ishirini. Kubat, wahesabu wale."

Kubat alinyoosha kidole, akaanza kuwapitia mmoja mmoja. Sasa, huko hakuna anayehesabu kiumbe hai kwa kidole. Wachungaji huwapitisha kondoo wawili wawili na kuhesabu kimoyomoyo. Sirga alilijua hilo tangu utotoni, ila hamu ya kumziba Mamasali mdomo ilimsahaulisha. Kubat alifika mwisho wa kamba akitangaza ishirini. Kamba ilikuwa na wana-kondoo kumi na mmoja.

Bibi aliweka ndoo chini, akaja kukipiga kile kidole. "Mnataka kutumalizia mifugo?"

Mamasali alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. "Labda hao wengine wako njiani," alisema. Kisha akamgeukia Sirga. "Naryn yako inazidi kuwa mbali."

Asubuhi mwana-kondoo mmoja mweusi alikutwa amekufa, tumbo limevimba. Baba alisema ni majani mabichi yenye umande. Bibi alisema, "Kidole."

Tangu hapo Kubat hakutamka namba. Akiulizwa kuna mikate mingapi, alificha mikono kwapani. "Nikihesabu, vinakufa." Sirga alirudi kwenye mwiko. Mtoto alipigwa, mikono ikabaki kwapani.

Siku ya mvua, Sirga akiwa amekata tamaa, alimwaga juu ya blanketi vile vifupa vya vifundo vya kondoo ambavyo kila mtoto wa huko huchezea. Unarusha kimoja, unagonga vya mwenzako, ulichokigonga ni chako.

"Hivi vimeshakufa," alisema kwa ukali. "Huwezi kuviua mara ya pili."

Kubat alifikiri, akakubali. Alikuwa na shabaha, akashinda vifupa vingi. Alipogeuka kumwita mbwa, Sirga, kwa chuki tu, akachukua viwili.

"Umeniibia."

"Ulikuwa na ngapi?"

Kubat aliviangalia vilivyobaki. Alilia, akamng'ata dada yake mkono. Lakini mchezo ulipoanza upya, alipanga vifupa vyake mstari na kuvigusa kimoja kimoja, midomo ikichezacheza. Sirga akaiba tena.

"Vilikuwa saba. Sasa sita. Rudisha, mwizi we."

Sirga alitaka kumtukana, kisha akagundua kwamba mtoto amehesabu, tena sawasawa. Mwiko ulirudi chunguni. Kila siku aliiba, na kila siku alikamatwa.

Vidonge vya jibini vilipoanikwa ubaoni, Sirga alichora kwa mkaa herufi ya kwanza ya jina lake mbele ya fungu lake. "Hili langu. Lako halina alama, kwa hiyo nalila." Kubat akadai herufi yake, halafu ya Bibi, apate kujua fungu la kuogopa. Wakaanza kuwinda maumbo ya herufi hemani: moja kwenye fito zilizopishana, nyingine kwenye fremu ya mlango, nyingine kwenye lile duara la paani linalotoa moshi. Waligombania nani kaona kwanza.

"Nyumba ya watu mmeigeuza ubao," Bibi alifoka. Kisha, kwa kidevu, akawaonyesha nyingine kwenye tandiko la farasi.

Mwezi wa tisa mwalimu wa darasa la kwanza alimwaga maharage mezani. "Haya ni kumi, sivyo?"

Kubat aliyatazama. "Tisa. Moja umelificha mkononi. Hata dada hufanya hivyo."

Mwalimu alifungua kiganja, akacheka, akamwandika.

Njiani kurudi nyumbani Baba alimwambia Sirga: "Ulipompiga alijifunza wimbo, na kukuchukia. Ulipompa kitu cha kulinda, akajifunza hesabu. Kufundisha ni kumtafutia mtu sababu ya kutaka kujua. Fimbo haimpi sababu hiyo. Na huo wizi uishie mchezoni."

"Na Naryn?"

"Nilishasema. Kafunge mizigo."

Sirga alikwenda Naryn, akamaliza, sasa ni mpima ardhi. Kubat alisoma pale kijijini na sasa anafuga kondoo wake mwenyewe. Mamasali aliuza mifugo akahamia Urusi. Mama bado anafanya kazi zahanati. Baba hapandi tena mlimani, magoti yamekataa. Bibi alifariki akiamini kuwa ni kidole kilichoua. Darasa la watoto wadogo halijafunguliwa mpaka leo.