Mkono wa Sweta ya Kabagwira

Kila Jumatano, kengele ya kutoka shule ilipogongwa, Adolphine hakumsubiri mtu. Alikimbia nyumbani, akala bugali na samaki wadogo wa ndagala harakaharaka huku mama yake akimwambia atafune vizuri, kisha akatwaa kikapu chake cha kufumia na kushika njia ya fuaye. Hivyo ndivyo watu wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, walivyoiita nyumba ndogo ya mabati iliyokuwa nyuma ya kanisa, ambamo Mama Anastasie aliwafundisha wasichana kushona na kufuma.

Shuleni mwalimu alimwita kwa jina la bibi yake, kwa sababu miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu. Lakini nyumbani na kwenye fuaye hakuna aliyejali. Pale alikuwa Adolphine tu, msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mikono myepesi kuliko wote.

Watu wengine wa mjini waliwacheka wale wasichana. "Sweta Baraka?" walisema. "Jua lote hili, nani atazivaa?" Hawakujua kwamba sweta zile hazikukaa Baraka. Siku za soko, wachuuzi walizipandisha milimani, kule ambako asubuhi mtu akisema neno, pumzi yake inaonekana kama moshi.

Adolphine alipenda kuanza. Ukimpa uzi wa rangi mpya, alianzisha vitanzi kwenye sindano kabla wenzake hawajakaa vizuri kwenye benchi. Mistari ya kwanza ilimpendeza. Ya katikati ilimchosha. Ndiyo maana kikapu chake kilikuwa na kofia isiyo na kichwa, skafu fupi isiyoweza kuzunguka shingo ya mtu, na sweta ya mtoto mchanga, nyeupe, yenye mkono mmoja. Lakini wageni walipokuja kutazama kazi za fuaye, ni yeye aliyeitwa mbele awaonyeshe jinsi sindano zinavyokimbia, na alizoea kusikia watu wakisema, "Ona huyu!"

Kisha, baada ya Pasaka, Kabagwira alikuja.

Alitoka Bibokoboko, juu milimani, akaletwa kwa baba yake mdogo Azarias ili asome Baraka. Alikuwa mrefu na mkimya. Alifuma polepole, midomo ikitikisika kidogo alipokuwa akihesabu vitanzi, na alipoanza kitu hakukiacha. Alimaliza kofia, akamaliza soksi, na sasa alikuwa akifuma sweta nyeupe ya mtoto kama wenzake.

Siku moja Mama Anastasie aliinua kazi yake mbele ya wote. "Tazameni upande wa nyuma," alisema. "Hata mahali ambapo mtu haoni, hakuna kitanzi kilichoponyoka. Hivi ndivyo kazi inavyotakiwa."

Adolphine aliona kama amemeza kaa la moto. Alijifanya anatafuta kitu kikapuni ili asitazame. Tangu siku hiyo kila jambo la Kabagwira lilimchoma: jinsi alivyokunja kazi yake katika kitambaa safi, jinsi alivyosema "asante, Mama" kwa sauti ndogo. Jambo baya kuliko yote lilikuwa Florentine. Florentine alikuwa rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa wakibebwa mgongoni, na sasa kila vitanzi vilipomchanganya, alimgeukia Kabagwira.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" Adolphine alimwuliza njiani.

"Wewe unaninyang'anya kazi na kunifanyia," Florentine alijibu. "Yeye ananionyesha, halafu ananirudishia."

Jumatano iliyofuata, Mama Anastasie alifungua sanduku lililotoka mjini Bukavu. Lilijaa uzi mpya: kijivu, kahawia, kijani. Juu kabisa yalilala madonge ya uzi mwekundu, ung'aao kama pilipili zilizoiva. Wasichana wote walisogea karibu.

"Mwekundu unatosha sweta moja tu," Mama Anastasie alisema. "Atakayemaliza sweta yake nyeupe kwanza ndiye atakayechagua kwanza. Na hakuna kupewa uzi mpya kabla ya kumaliza wa zamani. Mmesikia?"

Alipokuwa akisema maneno hayo ya mwisho alikuwa akimtazama Adolphine. Adolphine naye alimtazama Kabagwira, aliyekuwa anafunga mstari wa mwisho wa mkono wa pili. Alikuwa amebakiza kuunganisha tu.

Jumamosi asubuhi watu walikwenda kwenye salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani kando ya barabara kama walivyoamriwa kila juma. Ilipokwisha, Adolphine alikuwa wa kwanza kufika kwenye fuaye, maana Jumamosi pia walifuma. Njiani Mama Anastasie alikuwa amempa ufunguo. "Tangulia, mwanangu, ufagie na kufungua madirisha. Mimi naoga kwanza, nimejaa vumbi."

Alifagia. Alipofika kwenye rafu ya vikapu, alikiona kitambaa safi cha Kabagwira. Alikifunua ili atazame tu. Kifua, mgongo na mikono miwili vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Uzi ulikuwa uleule mweupe, kipimo kilekile. Adolphine aliuweka mkono mmoja kando ya sweta yake, mahali palipokuwa wazi. Ulitosha.

"Nauazima tu," aliwaza. "Nikishachagua uzi, nitamfumia mwingine. Yeye si anapenda kufuma?"

Alikaa nyuma ya nyumba, akaushona mkono ule kwenye sweta yake. Wenzake walipofika, alikuwa amesimama mezani.

"Mama Anastasie, nimemaliza!"

Mama Anastasie aliipokea sweta. Aliigeuza. Alipitisha vidole kwenye mkono wa kushoto, kisha kwenye wa kulia, akarudi tena kwenye wa kushoto. Alimtazama Adolphine kwa muda, mpaka msichana akainamisha macho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya," alisema taratibu. "Chagua uzi wako."

Adolphine aliyabeba madonge mekundu hadi kwenye benchi. Hapo ndipo aliposikia Kabagwira akisema, "Mkono wangu mmoja haupo."

Wasichana wote waliinama kutafuta. Waliangalia chini ya mabenchi, nyuma ya rafu, hata nje dirishani. Adolphine pia alitafuta. Aliinua mkeka, akatazama chini yake, na alipokuwa akifanya hivyo alijichukia.

"Labda panya," Florentine alisema.

Kabagwira alikuwa amesimama karibu na meza, ambapo sweta ya Adolphine ilikuwa imelazwa. Aliugusa mkono wake mmoja kwa kidole. Akageuka, macho yake yakakutana na ya Adolphine, na Adolphine akajua kwamba amejulikana. Alingoja kelele. Kabagwira alirudi kwenye benchi, akaanzisha vitanzi vipya, akaanza kufuma mkono mwingine kutoka mwanzo.

Adolphine naye alianza na uzi wake mwekundu. Alihesabu, akakosea, akafumua. Alihesabu tena, akakosea tena. Ule uzi alioutamani siku zote hizo ulimkwama vidoleni. Kama Kabagwira angemtukana, angemjibu. Kwa huyu anayefuma tu bila neno, angejibu nini?

Jua lilikuwa limeanza kuelekea milimani mtu alipobisha hodi. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye fimbo ya wachungaji na koti zito, miguu yake imejaa vumbi jekundu la njia.

"Baba!" Kabagwira aliruka.

Alikuwa Sebineza, baba yake, aliyeshuka kutoka Bibokoboko tangu alfajiri. Aliwasalimu wote, akamsalimu Mama Anastasie kwa mikono miwili, kisha akamgeukia binti yake.

"Mama yako amejifungua. Ni msichana. Amekuja kabla ya wakati wake, ni mdogo sana, lakini ananyonya."

"Na Mama?"

"Ana nguvu kidogo. Lakini baridi ya mwezi huu ni kali, mwanangu. Tunamfunga mtoto kwa nguo zote tulizo nazo, na bado miguu yake ni baridi." Akaiegemea fimbo yake. "Ile sweta uliyotuma habari zake, ambayo Mama huyu alikubali umfumie mdogo wako, iko tayari?"

Kabagwira alitazama sindano zake. Zilikuwa na mistari michache tu.

"Bado mkono mmoja, Baba."

"Kesho kabla ya jua kutoka lazima niwe njiani. Mama yako yuko peke yake na watoto." Sebineza alifikiri, kisha akatabasamu ili binti yake asihuzunike. "Si kitu. Iunganishe hivyohivyo. Nitaichukua na mkono mmoja. Ule mwingine tutamfichia ndani ya kanga."

Adolphine alisikia maneno yale kama kofi. Mbele ya macho yake alimwona mtoto asiyemjua, ambaye hajamkosea mtu duniani, mkono wake mmoja ukiwa nje kwenye baridi. Alitazama mlango. Angeweza kutoka kama mtu anayekwenda kunywa maji, asirudi mpaka watu wote waondoke.

Alisimama, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda mezani. Alichukua makasi, akaivuta sweta yake, akaanza kukata uzi wa mshono, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono ukatoka.

"Huu ni wa Kabagwira," alisema. "Hakuna panya. Niliuchukua mimi."

Florentine alibaki mdomo wazi. Adolphine alitembea hadi kwenye benchi la Kabagwira, akamnyooshea ule mkono mweupe kwa mikono yake miwili.

"Nilijua," Kabagwira alisema.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni wa hapa. Wote wanakujua tangu zamani. Mimi ni mgeni." Akaupokea mkono wa sweta. "Nani angeniamini?"

Machozi yalimtiririka Adolphine mpaka kidevuni. "Nisamehe, Kabagwira."

Kabagwira alisogea kidogo kwenye benchi, akamwachia nafasi, akampa sindano. "Shona upande huo. Mimi nashona huu. Usikaze sana, ngozi ya mtoto ni laini."

Waliinama pamoja juu ya sweta ndogo, huku Sebineza akipewa kiti na maji ya kunywa nje kivulini. Kabla giza halijaingia, ilikuwa imekamilika, na mikono yake yote miwili. Sebineza aliipokea, akaitazama, akaiweka ndani ya koti lake, kifuani.

"Huyu ni rafiki yako?" alimwuliza binti yake akimwonyesha Adolphine.

Kabagwira alifikiri. "Tunakaa benchi moja," alisema.

Wote walipokwisha kuondoka, Adolphine aliyarudisha madonge mekundu ndani ya sanduku bila kuambiwa.

"Mama, wewe pia ulijua?"

"Nilijua mara nilipoigusa," Mama Anastasie alijibu. "Wewe unafuma kwa haraka, vitanzi vyako vinalegea. Ule mkono ulikuwa umekazwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Lakini nisingefunga mlango huu leo bila kukuuliza."

"Kila ulipomsifu yeye, niliona kama umenitupa mimi."

Mama Anastasie aliufunga mfuniko wa sanduku. "Huenda nilimsifu sana nikasahau wengine. Hilo nitalirekebisha. Lakini wizi ni wako, Adolphine, usinipe mimi. Hutapata uzi mpya mpaka umalize yote yaliyomo kikapuni mwako. Kofia, skafu, na sweta."

"Ndiyo, Mama."

Hazikuwa siku nyepesi. Nyumbani, mama yake alipopata habari, alimkaripia vikali, kisha akampeleka mwenyewe kwa Azarias kuomba radhi. Kwenye fuaye wenzake walivikumbatia vikapu vyao alipopita. Adolphine alivumilia. Alifunga kichwa cha kofia. Alirefusha skafu mpaka ikazunguka shingo mara mbili. Alipofika katikati ya mkono wa sweta, pale ambapo siku zote alichoka, alitaka kutupa sindano, na Kabagwira, bila kuinua macho, alimwambia, "Usitazame ulichobakiza. Tazama mstari huu tu."

Alipomaliza, aliipeleka sweta mezani kwa hofu. Mama Anastasie aliigeuza upande wa nyuma, akaipapasa, akaiweka pamoja na nyingine zilizokuwa tayari kwenda sokoni.

"Chagua uzi," alisema.

Lakini sanduku halikuwa na uzi mwekundu tena. Florentine alikuwa amemaliza kabla yake, na sasa ule uzi ulikuwa unang'aa mapajani mwake. Adolphine alisikia lile kaa la moto likishuka tena kooni. Hata hivyo, alichukua madonge ya kahawia. Kabagwira aliyaona, akasema kwamba huko kwao rangi hiyo inapendwa, haionyeshi vumbi.

Mama Anastasie alikuwa amemwona. Alimwita karibu, akamshika bega, na kusema kwa sauti ambayo wote waliweza kuisikia:

"Sikieni, wanangu. Wivu utamjia kila mtu, hata mimi mtu mzima unanijia. Kuja kwake si dhambi. Dhambi ni kuupa mikono yako iufanyie kazi. Ukihisi moyo unawaka kwa sababu ya kazi ya mwenzako, shika kazi yako mwenyewe, uimalize. Sifa ya kuiba ni lazima uilinde kila siku ili watu wasijue. Kazi uliyoimaliza mwenyewe unaweza kuiacha mezani, mtu yeyote aje aigeuze upande wa nyuma."

Adolphine alirudi kwenye benchi, akahesabu vitanzi vyake vya kahawia, na safari hii hakukosea.