Barua Arobaini na Mbili

"Bata ameota mabawa. Lango la tatu."

Amri ilimfikia Delfin Labajo sikioni saa nane na dakika kumi mchana, bandarini Cebu, katikati ya msongamano wa watu na maboksi. Orodha imetoka. Aliyeibeba anapanda meli.

Meli ya saa nane na nusu.

Delfin alikuwa jasusi wa kikosi kisicho na kibao mlangoni. Kazi yake ilikuwa kulinda majina ya watu. Safari hii yalikuwa ya wanawake arobaini na mmoja waliotoroka magenge yanayosafirisha watu ng'ambo na kuwafungia maghalani ili watapeli watu kwa simu. Wote mashahidi, wote wamefichwa. Mchuuzi mmoja wa taarifa alikuwa amezipata anwani zao. Asubuhi ile kikosi kilimvamia na kuzima mitambo yake yote, lakini nakala moja ilishachomoka.

Ikivuka bahari, hakuna binti atakayeiona Krismasi.

"Unamwona?" Sauti ya Mkuu Salud, bosi wake.

"Shati la njano. Boksi la samaki wakavu."

"Kila msafiri hapo ana boksi la samaki wakavu!"

"La huyu halinuki, Mkuu."

Yule bwana akageuka. Macho yakagongana.

Jamani, kimbembe! Shati la njano liliruka mkokoteni wa mizigo, likampiga kikumbo mama wa watu, likachomoa bastola. Mkono wa Delfin ulishika bastola yake ya Glock kiunoni, ukaiacha hapo hapo. Foleni ilijaa watoto.

Akanyakua begi la abiria, akalirusha miguuni mwa yule bwana.

Bwana akala mweleka kifudifudi, bastola ikateleza hadi majini. Kufumba na kufumbua, goti la Delfin lilikuwa mgongoni mwake.

"Haraka ya nini, kaka? Hata samaki hujanunua!"

Ndani ya boksi palikuwa na flashi moja tu.

"Bata amerudi bandani."

"Hongera. Ifungue, uhakikishe."

Delfin alikaa kwenye benchi, akafungua kompyuta yake ndogo. Alitegemea jedwali la majina. Akakuta barua. Arobaini na mbili, kila moja na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na nyumba ya maficho.

*Mwanangu Jovelyn, heri ya kuzaliwa. Pika pansiti, usizikate tambi hata moja, umri wako uwe mrefu. Na ukilala funika tumbo, usije ukaingiwa na upepo.*

Delfin akaisoma tena.

Funika tumbo. Maneno hayo aliambiwa kila alipolala tangu akiwa na miaka mitano, mwaka aliofariki mama yao. Aliyemwambia ni Ate Perla, 'Ate' yaani dada mkubwa, ndiye aliyemlea. Ate Perla alikuwa karani wa ofisi ya ustawi wa jamii, ile iliyowapokea mabinti hawa.

Akaifungua ya mwisho.

*Mdogo wangu Delfin, mlinzi wa siri wa mabinti wangu.* Jina lake, kazi yake, nyumba yake.

"Delfin? Mbona kimya?"

"Aliyevujisha nimemjua, Mkuu. Perla Labajo. Dada yangu. Na mimi nimo humu."

Mkuu Salud alishusha sauti.

"Kwenye ripoti naweza kuandika 'mtumishi mmoja'."

"Andika jina lake. Mabinti wana haki ya kujua nani aliwaanika."

"Sheria unaijua. Yeye kwa hakimu. Wewe, leo hii, jina jipya, mji mpya. Ndugu wasijue."

"Naijua."

Alifika ofisini kwa dada yake saa kumi. Makarani walikuwa wametoka kula vitafunio. Mezani kwa Perla palikuwa na sinia la tambi za pansiti, zinatoa mvuke.

"Dong, mdogo wangu! Mzee mwenye siku yake! Miaka thelathini na minane, na bado hujui kuchana nywele!"

"Ate, zile barua za mabinti uliandika na nini?"

"Akili mnemba, Dong!" Alicheka, hana hili wala lile. "Ile ya ofisini ina maringo. Kila nikiweka jina inanikatalia, eti ondoa taarifa binafsi. Haya, barua ya siku ya kuzaliwa isiyo na jina ni barua hiyo, au tangazo la kukatika maji? Nikapakua nyingine ya bure kwenye simu yangu. Hiyo haina kiburi, inapokea kila kitu."

"Ilipokea, Ate. Mwenye programu hiyo ni mchuuzi wa taarifa, akaenda kuziuza."

Akamweleza yote. Kijiko kilimtoka mkononi.

"Jovelyn?"

"Mzima. Wote wazima. Wanahamishwa sasa hivi."

Perla alikaa chini. "Nilitaka tu wajue kuna mtu anawakumbuka."

"Najua."

Na hilo ndilo lililomuua Delfin. Laiti dada yake angekuwa amehongwa! Angemchukia, yakaisha.

"Umeniandika kwenye ripoti?"

"Nimekuandika."

"Ndivyo nilivyokulea," alisema Perla. Akajifuta uso kwa kitambaa cha mikono, akampakulia. "Kula basi. Usizikate."

Maofisa wawili walikuwa wanasubiri kwenye korido. Delfin alikula. Alizivuta tambi moja moja, ndefu vile vile, machozi yakidondokea sahani wala hakuyaficha. Alimaliza zote.

Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akasimama.

"Mwakani," Perla aliuliza, "nikiwa huko ndani, barua yako nitaituma wapi?"

"Usiandike, Ate. Jina langu usiliandike popote."

"Hata kwa mkono?"

"Hata kwa mkono."

Perla alimtazama, na hapo ndipo alipoelewa. Alitia mkono mdomoni, asipige kelele.

Delfin alitoka kwa mwendo wake wa kila siku, mikono mfukoni. Maofisa wakampisha. Alikuwa ameshafika ngazini sauti ilipomfuata.

"Dong! Ukilala, funika tumbo!"

Aliitikia moyoni, akashuka ngazi.